Meza ya laptopu ya kitandani: ile ya dukani na ile ya fundi wa Ndeeba

Mwezi wa tatu nlianguka na boda pale Kansanga, mguu wa kulia ukavunjika, wakanifunga plasta mpaka pajani nikaambiwa nisitoke kitandani wiki 6. Sasa kazi yangu ni kuandika kwenye laptopu kutwa nzima na kazi haingoji mfupa uunge, kwa hiyo nimetumia meza mbili za kitandani na nawaandikia mnaotaka kununua, hasa kama nyumbani kuna mgonjwa.

Ya kwanza ni zile za kukunja zilizojaa madukani mjini Kampala, ubao mwembamba wa MDF (ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa), miguu ya chuma, tundu la kikombe pembeni. Dada alininunulia kwa shilingi 55,000 za Uganda. Siku mbili za kwanza nliipenda kwelikweli maana kabla ya hapo laptopu nlikuwa naiweka juu ya blanketi inachemka mpaka feni inalia. Laptopu nyingi zinavuta hewa kwa chini, blanketi likiziba zile tundu joto halina pa kutokea, mashine inajipunguza spidi yenyewe isiungue, ndo unaona kila kitu kinakwama. Juu ya ubao ikatulia kabisa.

Lakini ni fupi jamani. Plasta ilikuwa inagusa ubao kwa chini, nikikohoa tu skrini inacheza, na skrini yenyewe iko chini mno unainama kama mtu anachambua mchele, siku ya nne shingo imekaza sigeuki. Lile tundu la kikombe usiweke chai kabisa, ikimwagika inaingia moja kwa moja kwenye kibodi. Wiki ya pili komeo la mguu mmoja likaachia, laptopu ikateleza nikaidaka kwa kifua, na dukani wakasema ikishafunguliwa hairudi. Iliniuma sana.

Hapo shemeji akasema ataniendea kwa fundi, Ndeeba, hapa Kampala kwenye mbao. Nikakaa vile nakaaga, mito miwili mgongoni na kamoja kadogo kiunoni, akapima kwa tepu toka godoro mpaka juu ya plasta, sentimita 24, akaandika kwenye kipande cha boksi akapanda nacho boda. Baada ya saa moja fundi mwenyewe kanipigia: "Pole sana nyabo, plasta iko mguu gani?" Nikamwambia wa kulia. "Na ukitaka kushuka kitandani unageukia wapi?" Dukani hakuna aliyeniuliza swali kama hilo.

Katumia musizi kwa sababu ni mbao nyepesi, mvule ingenielemea. Kimo sentimita 30, mguu wa kulia kausogeza nje ili plasta ipite, na ukingo wa mbele kaweka kipapi chembamba laptopu isiteleze, kakisugua msasa mpaka hakikwaruzi mkono. Nliomba pia kijukwaa cha sentimita 15 kwa nyuma, hapo ndo laptopu inakaa, halafu kibodi ya pembeni na mausi vinakaa mbele yangu. Hili ndo lilimaliza maumivu ya shingo, maana kwenye laptopu skrini na vitufe vimeshikana, ukipandisha skrini mikono inaning'inia, ukishusha vitufe shingo inaumia, lazima uvitenganishe. Yote 70,000, siku mbili.

Na neti ya mbu msiisahau. Yangu ilikuwa ya duara, inabana kwa juu inaangukia skrini, nikabadilisha nikaweka ya pembe nne. Waya wa chaja upitishe upande wa kichwani chini ya neti, kisha neti uichomeke tena chini ya godoro, ukiacha upenyo mbu wote ni wako. Usiku punguza mwanga wa skrini maana wadudu wanajazana nje ya neti na macho nayo yanachoka.

Ubaya wake haikunjiki, na vanishi ilinuka siku tatu tukailaza barazani kwanza. Plasta imetoka Jumatatu. Jirani yetu aliyejifungua kwa upasuaji kaiazima toka juzi ila kwake ni ndefu, kesho shemeji anarudi Ndeeba na vipimo vyake.