Golden ya Kylie Minogue na gitaa lililonivurugia darasa

Nianze na nyota ninazoipa albamu hii ya Kylie Minogue, mwimbaji wa Australia, ili wenye haraka waende zao: mbili kati ya tano. Pengine tatu. Hasira bado ninayo, kwa hiyo msinibane sana kwenye hesabu.

Naongoza mazoezi ya viungo Jumamosi asubuhi, viwanja vya Biafra, Kinondoni. Si jimu ya viyoyozi na vioo ukutani. Ni vumbi, spika mbili za kukodi, akina mama, vijana wa jogingi na fulana zao za sare, na wazee wachache waliotumwa na daktari. Tangu Mama Samia, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, atangaze mwishoni mwa 2016 kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, watu wameongezeka mpaka walioko nyuma sauti yangu hawaisikii. Wanafuata mdundo tu. Hapo ndipo pa kushika. Anayefundisha kweli pale ni ngoma, mimi napunga mikono. Ngoma ikipotea, uwanja mzima unabaki unatazamana.

Sasa Kylie. Vijana mtauliza Kylie ndiye nani, na mimi sina muda huo. Sisi tuliopelekwa disko toto mchana wa Idi, na nguo mpya zinazowasha shingoni, tunamjua. "I Should Be So Lucky" ya 1987 ilitufikia kwa kanda zilizorekodiwa juu ya kanda nyingine, mpaka ukitega sikio unasikia mtu mwingine kabisa anaimba kwa mbali nyuma yake. Halafu 2001 akaja na "Can't Get You Out of My Head", ule wa la la la. Midundo 126 kwa dakika. Haupandi, haushuki, hauna ujanja. Unahesabu nane, unahesabu nane tena, hata mtu asiyejua kucheza anajikuta yumo. Kwa wimbo ule nimepunguza vitambi vya watu Kinondoni hii, na wengine wananisalimia mpaka leo kwa sababu hiyo.

Basi niliposikia kuna albamu mpya, Golden, imetoka Aprili 2018, nikanunua bando, nikapakua yote, nikaitia kwenye flashi. Najua mtaniambia ilishatangazwa kwamba mama alikwenda Nashville, mji wa muziki wa kantri kule Marekani, mwaka 2017, akakaa kama wiki mbili akiandika nyimbo na watu wa kule, na kwamba safari hii jina lake limo kwenye utunzi wa kila wimbo. Hayo yote nilikuwa nayo. Lakini wimbo wa kwanza unaitwa "Dancing". Kucheza! Mtu akikuandikia mlangoni "chakula kipo", ukiingia ukakuta anasuka mkeka, nani mwenye kosa?

Tulikuwa tumeshapasha mwili. Jasho limeanza, watu wamechangamka, nimewaambia goti juu, mikono kiunoni, tunasubiri biti iingie. Ikaingia gitaa. Gitaa tupu. Gitaa la mtu aliyekaa barazani na hana haraka na dunia. Halafu Kylie akaanza kuimba taratibu, karibu na sikio, kama ana siri. Magoti yako juu. Ngoma haiji. Yupo bibi mmoja hukaa mstari wa mbele, kajifunga khanga kiunoni juu ya trakisuti, mguu ukamshinda, akaushusha, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, umeme umekatika?"

Ngoma huja, nakubali. Ikifika kwenye kiitikio inakuja, tena nzuri, na sauti yake imekatwakatwa kwa mashine ikawa yenyewe ni ala. Lakini wimbo wa mazoezi hauna haki ya kuja baadaye. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwili wa mtu mzima unatafuta sababu yoyote ya kurudi kulala, na Kylie Minogue, niliyemwamini miaka yote hii, akampa sababu.

Na hapo ndipo yule kijana wa muziki aliponimaliza. Simtaji, ila ana spika, ana laptopu yenye stika nyingi, na nilikuwa nimeshamlipa nusu. Akachukua maiki, maiki yangu mimi, akasema watu wote wasikie: "Maza, leo ibada ya Jumapili imewahi?" Watu wakacheka. Ningenyamaza angeishia hapo? Nilinyamaza, hakuishia. Akaongeza: "Huyu bibi kachoka, mwacheni akapumzike." Akaukata wimbo katikati, akapachika singeli.

Uwanja ukalipuka. Vijana wa jogingi walishangilia utadhani Taifa Stars wamefunga. Sina ugomvi na singeli, harusi ya mdogo wangu nilivunja viatu. Ila singeli inakwenda midundo mia mbili na zaidi kwa dakika, na mimi nina wazee wenye presha pale, nina mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa goti. Mzee mmoja alikwenda nayo kidogo kisha akashika kiuno, akaenda kukaa kwenye tofali. Nikamfuata kijana nimwombe maiki. Akaificha mgongoni! Anacheka. "Relaksi maza, watu wanafurahi."

Mimi na "maza" tuna kesi siku nyingine. La leo ni hilo neno lake la kwanza, bibi kachoka.

Kylie alitimiza miaka 50 Mei 2018. Hamsini. Mwaka 2005 aliambiwa ana saratani ya titi, akaahirisha ziara, akatibiwa, akarudi jukwaani na manyoya kichwani akiimba. Wimbo huo huo waliocheka pale Biafra, ukiusikiliza maneno, ni mtu anayesema siku ya kuondoka kwake ikifika anataka aondoke akiwa anacheza. Tena kausema kwa tabasamu. Na hiyo albamu ya bibi aliyechoka imeingia namba moja Uingereza, ikaingia namba moja kwao Australia. Kijana ana laptopu ya stika. Ndiyo maana nimesema nyota tatu.

Nilirudi nyumbani nikaisikiliza yote kwa spika ndogo ya jikoni, nikiwa bado naongea peke yangu. Nataka niwe mkweli, kwa sababu wanaoandika kuhusu albamu hii wanashangaa kantri imetoka wapi, na sisi Dar kantri hatuishangai. Nyumba ngapi hapa mjini zilikua na Jim Reeves Jumapili? Kwa nyimbo za Kenny Rogers tumelia, Dolly Parton tunamwimba hata tusiojua Kiingereza chake. Kwa hiyo mtu wa disko akituletea kantri asidhani ametuletea kitu kigeni. Tunakijua, na tunaijua iliyotiwa maji.

Na nyingine humu zimetiwa maji. Wimbo wenyewe wa "Golden" una miluzi na mayowe ya filamu za makauboi, ukifumba macho unamwona mtu na kofia pana anashuka kwenye farasi, ukifumbua ni studio tu. "Shelby '68" ni gari, upepo, barabara ndefu. Sawa, ila sikuona kwa nini lazima nipande. Banjo inaingia, inagusa, inatoka, inaogopa kukaa. Hiyo ndiyo shida yangu hasa: ama uhamie, ama ubaki. Dolly mwenyewe alishaonyesha njia 1980 kwa "9 to 5". Ule ni kantri kwelikweli, na unaweza kuwapigisha watu jampingi jeki mwanzo hadi mwisho, maana unaanza na kinanda kinachogonga kama taipureta na hauombi radhi. Shania Twain naye alifanya vile vile miaka ya tisini. Hawakuwaacha watu na goti hewani.

"A Lifetime to Repair" ndiyo karibu inichekeshe. Kwenye kiitikio anahesabu kurudi nyuma, sita, tano, nne, tatu. Mwalimu wa mazoezi gani anahesabu kuanzia sita? Lakini biti ipo, fidla ipo, na nilijikuta nimesogeza meza. "Stop Me from Falling" nayo ina makofi mazuri ya kutembea papo kwa papo. "Raining Glitter" ndiyo pekee ambayo ningethubutu kuipiga Biafra bila kuikata, maana humo yule Kylie wa zamani anachungulia, kavaa viatu vyake.

Halafu ikaja "Radio On".

Hii sitaki kuielezea sana. Imepoa, haina disko hata chembe, ni mwanamke aliyeumizwa anaendesha gari na redio ndiyo inayomliwaza. Sauti yake haijafunikwa na mashine. Miaka thelathini nimemsikiliza Kylie na nadhani sikuwahi kuisikia sauti yenyewe, nilikuwa nasikia ngoma na mtu juu yake. Ni sauti ndogo, nyembamba, ina mkwaruzo fulani mwishoni mwa sentensi. Nilizima jiko. Ile ya mwisho, ambayo ameimba na mwimbaji mwenzake Jack Savoretti, nayo niliirudia. Siku kadhaa baadaye nilikuwa kwenye mwendokasi kutoka Kivukoni, nimesimama, kwapa la mtu limenikaa usoni, na nimeweka "Radio On" masikioni, na hata Magomeni sikuiona ilivyopita.

Basi nne. Nyota nne, andikeni nne kabla sijabadilika.

Hapana, ngojeni. Kwa mtu aliyekaa kwenye kochi, aliyeachwa, aliyefika umri wa kuhesabu alichobakiza, ni nne, na huyo mtu asimsikilize mtoto yeyote atakayemwambia bibi kachoka. Lakini mimi nilinunua bando kwa ajili ya kazi. Kwa kazi ni mbili. Kama unaongoza mazoezi, kama una kitchen party na unataka mama mkwe anyanyuke, usianze na "Dancing" mpaka mtu wa muziki akukatie ule mwanzo, aanzie kwenye kiitikio. Inawezekana. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu anayejua kazi yake na asiyeshika maiki ya watu.

Nilimpigia Ijumaa nikamwomba hilo hilo, anikatie mwanzo. Akaniambia amebanwa, ila nimtumie salio lake la ile Jumamosi kwanza. Salio! Aliyenikatia wimbo, akaninyima maiki, akamkalisha mzee wa watu kwenye tofali, anadai salio. Na flashi yangu yenye Golden na nyimbo zangu zote za mazoezi tangu enzi hizo, hakuirudisha. Alisema ataileta "wiki ijayo", na wiki ijayo zake mimi nimeshazizoea.

Salio lako lipo, mwanangu. Limekaa kwenye bahasha juu ya kabati, halijaguswa. Njoo na flashi yangu mkononi, nyimbo zote zikiwa ndani, Kylie akiwemo, ndipo tutaongea.