Vifaa vya kutunza baiskeli nyumbani: kipi kinunuliwe kwanza

Lile sanduku lenye vifaa arobaini liache dukani. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo linalovutia macho, na kwangu ndilo la mwisho kabisa. Vingi vilivyomo hutavigusa, na vile vichache utakavyovishika kila wiki mara nyingi ni vya chuma laini. Nunua kimoja kimoja, kwa kufuata kinachosumbua mara kwa mara: upepo, pancha, bolti zilizolegea, kisha mnyororo.

1. Pampu ya kusimama yenye geji

Tairi hupungua upepo hata baiskeli ikiwa imeegeshwa tu, kwa kuwa hewa hupenya taratibu kwenye mpira wa tyubu. Likishalegea, ukipita juu ya jiwe rimu huibana tyubu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo. Kulibonyeza kwa kidole gumba hakutoshi: tairi jembamba lenye PSI 60 (PSI ni kipimo cha mkazo wa upepo) na lenye 90 yote huonekana magumu. Kiwango kinachofaa kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na geji ndiyo itakayokuambia umefika.

Kabla ya kulipa, tazama valvu yako. Nene kama ya gari ni Schrader. Nyembamba, yenye kinati kidogo cha kulegeza nchani, ni Presta. Pampu nzuri hushika zote mbili. Zile ndogo za kubeba ni za njiani; nyumbani zitakuchosha mikono bure.

2. Vifaa vya pancha

Leva mbili au tatu za plastiki za kung'olea tairi kwenye rimu, viraka, msasa na gundi. Leva za chuma hukwaruza rimu na ni rahisi kutoboa tyubu unayojaribu kuiokoa. Gundi nunua kiasi kidogo, maana ikishafunguliwa hukauka. Na uipe muda: ipake, iache hadi isiwe na majimaji, ndipo ubandike. Viraka vingi hubanduka kwa sababu ya haraka hapo. Vile vinavyojibandika bila gundi viweke kwa dharura tu.

3. Alenki

Hizi chuma zilizopinda kama herufi L ndizo ninazokusihi usibanie pesa. Milimita 4, 5 na 6 hufanya kazi nyingi, 2, 2.5 na 3 ni za skrubu ndogo, na 8 ni ya baadhi ya pedali na mikono yake. Nilishawahi kutumia 5 ya bei rahisi kwenye bolti ya usukani. Kona zake zikalika, zikaila na bolti yenyewe, ikabidi ikatwe. Kagua ncha: kona ziwe kali, na ikiingia kwenye bolti isicheze. Kama breki zako ni za diski, ongeza ya nyota, T25.

4. Mafuta na kipimo cha mnyororo

Pini za mnyororo zikilika, mnyororo hurefuka na kuanza kutafuna meno ya gia, na gia ni ghali kuliko mnyororo. Kipimo maalumu hurahisisha, lakini rula ya chuma inatosha. Hesabu vipande 24, kila kimoja kikiwa kutoka pini moja hadi inayofuata: mnyororo mpya hupima milimita 304.8. Ukifika 306.4, badilisha. Ukifika 308, huenda meno ya nyuma nayo yameshalika.

Mafuta mepesi yanafaa penye ukavu na vumbi, mazito penye mvua. Dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu haichukui nafasi yake, kwa sababu haikai kwenye pini. Ukishapaka, futa ya nje yote. Yanayofanya kazi ni yale yaliyoingia ndani.

5. Spana ya 15

Inafungua pedali nyingi na nati za magurudumu yasiyo na mkono wa kufungulia haraka. Kumbuka pedali ya kushoto ina uzi wa kinyume: hufunguka kwa kuzungusha kuelekea upande wa saa. Kama pedali zako zina tundu la alenki tu, na magurudumu hayana nati, ruka hii.

Vinavyoweza kusubiri

Kikata mnyororo utakihitaji siku ya kuubadilisha. Ufunguo wa spoki lazima ulingane na nati zake, saizi 3.23 na 3.45 zinakaribiana sana, na usiolingana huzifanya nati kuwa mviringo. Spana ya kupima mkazo ni ya lazima kama una vipuri vya kaboni, kwani vikikazwa kupita namba iliyoandikwa juu yake vinaweza kupasuka. Stendi ya kuinulia baiskeli iwe ya mwisho, utakapoanza kurekebisha gia mwenyewe, kazi inayotaka gurudumu la nyuma lizunguke hewani huku mikono yote miwili ikiwa huru.