Vietnam kwa pesa kidogo: panda treni ya Hanoi–Saigon, na hivi ndo unavyochagua kitanda

Kila mtu hapa Kampala anayeniuliza kuhusu kuzunguka Vietnam anaanza na ndege au basi, na mimi namjibu treni, tena treni ya usiku. Mabasi ya kulala nimeyapanda, yana vitanda vya juu na chini, na kweli ni bei poa, lakini ile kampuni niliyopanda (jina naliacha) dereva alikuwa anapita malori kwenye kona usiku wa manane huku honi haipoi, na mtu mwenye miguu mirefu hapati pa kuiweka. Kwenye treni unalala. Na ukilala humo hoteli ya usiku huo hulipi, hapo ndo akiba yenyewe ilipo.

Reli ni kilomita 1,726 kutoka Hanoi mpaka Ho Chi Minh City, ambayo kwenye tiketi bado inaandikwa Sài Gòn. Ilikamilika 1936 enzi za Mfaransa, vita vikaikatakata, treni zikarudi kupita njia nzima mwisho wa 1976. Upana wa njia ni mita moja, sawa kabisa na ile reli yetu ya zamani ya Tororo, Jinja mpaka Kampala, kwa hiyo usitegemee mbio, safari nzima ni saa thelathini na kitu. Usiimalize kwa mkupuo mmoja. Toka Hanoi jioni, shuka Huế asubuhi, kaa hapo siku mbili tatu, afu endelea.

Sasa vitanda, hapa naomba msome taratibu maana watu wengi wanalipia vitu wasivyovihitaji. Kuna chumba cha watu wanne, godoro nene kidogo, na kuna chumba cha watu sita, vitatu kila upande, godoro jembamba, ila AC ni ileile na shuka unapewa. Kile cha sita ni cha bei ya chini na kinatosha kabisa. Ndani yake bei zinashuka kadiri unavyopanda juu: cha chini ndo ghali, cha juu kabisa ndo chee. Cha juu huwezi hata kukaa wima, dari liko usoni, unaingia kwa kujiburuta. Cha chini nacho mchana kinageuka kuwa benchi la wote, wenzio wanakaa hapo wanakula na kupiga stori wewe unataka kulala. Mimi nachukua cha katikati siku zote. Kiti kigumu cha mbao kiache kwa safari za mchana za saa chache tu, usiku kucha mgongo utakudai.

Chakula: kikokoteni kinapita na wali, supu na kahawa, ila mwisho wa behewa kuna maji ya kuchemka bure, so wenyeji wanapanda na bakuli la nudo la dukani na wanakula kwa pesa kidogo sana. Fanya hivyohivyo. Au kabla ya kupanda nunua bánh mì nje ya stesheni, mkate na mayai na pilipili, mtu aliyezoea rolex (chapati ya mayai) za Wandegeya hapa Kampala atashiba na kufurahi. Mama mmoja wa kitanda cha chini alinimiminia mbegu za alizeti mkononi bila hata neno moja, tukakaa tunazimenya mpaka taa zikazimwa.

Kipande cha Huế mpaka Da Nang usikipite usiku, nakuomba. Treni inapanda mlima wa Hải Vân taratibu, miti inagusa kioo, na chini kabisa ni bahari. Ukitoka Huế kaa upande wa kushoto. Tangu Machi 2024 kuna treni maalum za kipande hiki, tiketi ilianza kwa dong 150,000, gawanya kwa 7 unapata kama 21,000 za Uganda, na inasimama kidogo Lăng Cô watu wapige picha. Saa tatu hivi za safari, na kwa pesa hiyo sijaona kitu cha kuishinda nchi nzima. Mnaokwenda mji wa Hội An mshukie Da Nang, Hội An haina stesheni, ni kilomita 30 hivi kwa barabara.

Tiketi nunua dsvn.vn, ndo tovuti ya reli yenyewe, maana maajenti wanaongeza juu yao. Kadi ya benki ya huku ikikataa, nenda dirishani stesheni na pasipoti, jina lifanane herufi kwa herufi. Kipindi cha Tết, mwaka mpya wao wa Januari au Februari, usitegemee kupata kitanda dakika za mwisho, nchi nzima inarudi kijijini.

Viza ni ya mtandaoni, dola 25, mpaka siku 90, na tangu Agosti 2023 pasipoti yetu inakubaliwa. Pesa zao ziangalie vizuri kwenye mwanga: noti ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za bluu, na hiyo kubwa ni kama elfu 70 za kwetu. Ukitoka stesheni wale wanaokuvuta begi waambie asante, fungua Grab, app ya kuita usafiri, boda yake inaonyesha bei kabla hujapanda, kama tu SafeBoda ya hapa Kampala.