Kliniki za methadoni Dar es Salaam: dawa inafanya kazi, safari ya kila siku ndiyo mtihani

Huduma hii ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini (unga), ilianza Muhimbili Februari 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata. Ilikuja kwa sababu. Unga wa kahawia wa miaka ya 1980 ulivutwa. Ule mweupe ulioingia baadaye huyeyuka kirahisi kwenye maji, sindano zikaenea maskani (vijiwe vya watumiaji), na VVU vikazifuata. Selo haikuwa na jibu la hilo. Leo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, inakamata wauzaji na papo hapo inasimamia kliniki za watumiaji. Mpango huu tunauunga mkono kwa moyo wote.

Matibabu ni bure. Njia rahisi ya kuingia ni kupitia waelimishaji rika wanaozunguka vijiweni. Mkojo unapimwa, kisha dozi inaanza: dawa ya maji kwenye kikombe kidogo, unakunywa dirishani, unashushia maji, unaongea kidogo ili muuguzi ajue umemeza.

Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari. Dozi ya kwanza haizidi miligramu 30, maana methadoni hukaa mwilini: ya leo inaikuta ya jana haijaisha. Mgonjwa bado anasikia alosto (maumivu ya kukosa unga), anaona dawa haina nguvu, anaongeza kete ya unga au vidonge vya Valium. Hapo ndipo pumzi hukata. Avumilie, kipimo kinapandishwa kidogo kidogo, na wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120.

Kosa jingine linaumiza watu wasio na hatia. Aliyetulia kabisa anaanzishiwa dawa za kifua kikuu, na ndani ya siku chache anapiga miayo, kamasi zinamtoka, mifupa inamuuma. Nyumbani wanasema karudia unga. Hapana: rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za kifua kikuu, huifanya methadoni iishe haraka mwilini, na efavirenzi, dawa ya VVU, hufanya vivyo hivyo. Mwambieni muuguzi wa methadoni mapema dozi ipandishwe, na mkumbushe tena rifampisini inapokwisha, kwani dozi ile ile sasa itakuwa kubwa mno.

Lawama yetu ni moja: pale mgonjwa anapolazimika kunywea dirishani siku saba za wiki. Kibarua cha alfajiri na foleni ya kliniki haviendi pamoja, na nauli ya kwenda na kurudi inamshinda asiye na kazi. Wanawake ndio wanaobanwa zaidi, hasa wenye watoto wadogo. Akikosa siku tatu mfululizo, anashushwa dozi kwa usalama wake, na anakaribia tena kijiwe. Aliyetulia kwa muda mrefu apewe dozi za kwenda nazo nyumbani, kwenye chupa yenye kifuniko kisichofunguka kwa mtoto.

Mkimpeleka ndugu yenu, asiwe amekunywa pombe. Aliyelewa hapewi dozi, na wahudumu wako sahihi.