Anwani ya pili au alama ya kujumlisha?
Ukinunua simu Kariakoo na muuzaji akataka barua pepe yako, jua matangazo yako njiani. Wengine hufungua anwani ya pili ya wauzaji tu. Inakinga vizuri, ila ni nywila nyingine ya kukumbuka, na risiti unayoihitaji huzama humo humo.

Mimi hupenda alama ya kujumlisha. Kwenye Gmail, ukiongeza +duka baada ya jina lako, kabla ya @, ujumbe huingia sanduku lilelile. Kero ikizidi, weka kichujio kifute kila kinachotumwa huko. Tena utamjua aliyeigawa anwani yako! Lakini fomu nyingine huikataa alama hiyo, na mtumaji mjanja huiondoa tu. Tovuti nisizoziamini kabisa huzipa anwani ya pili.