Ryzen 5 5600X baada ya kuiongezea kasi: mipangilio niliyobaki nayo na ile niliyoitupa

Nianze na hukumu. Kwa prosesa hii ya AMD, ule mtindo wa zamani wa kuchagua namba moja, tuseme gigahezi 4.5, na kuvifungia viini (core) vyote sita hapo kwa volti moja, haulipi. Unaleta moto mwingi, unapunguza kasi ya kazi nyepesi, na volti ikiwa kubwa hula umri wa chipu haraka. Mimi nimebaki na Precision Boost Overdrive pamoja na Curve Optimizer: prosesa inajiamulia kasi yenyewe, kazi yangu ni kuiwekea mipaka na kuipunguzia volti.

Kasi peke yake haiui prosesa. Kinachoiua ni mkondo mkubwa wa umeme unaopita kwenye njia nyembamba za metali zikiwa moto: chembe za metali husukumwa kidogo kidogo mpaka njia inadhoofika. Volti kubwa nayo huchosha tabaka la kuhami lililo ndani ya transista. Na joto halipandi sawia na volti, hupanda kwa mraba wake. Ukitoka volti 1.20 kwenda 1.35 umeongeza takriban asilimia 27 ya joto kabla hata hujagusa kasi.

Hapa ndipo wengi huingia mkenge. Wanafungua HWiNFO64, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, wanaona prosesa ikiwa na mipangilio ya kiwandani inagusa volti 1.45, kisha wanasema: kumbe 1.45 ni salama, ngoja niiweke kwa mkono. Si salama hata kidogo. Prosesa hufika hapo kiini kimoja kinapofanya kazi fupi na mkondo ni mdogo. Kazi ikivishika viini vyote, yenyewe hushusha volti. Ukiifunga kwa mkono, umeiondolea huo uwezo wa kushuka. Anayeng'ang'ania kufunga viini vyote asivuke 1.25 chini ya mzigo mzito, na asome kipimo kinachoandikwa SVI2 TFN, si Vcore ya ubao mama, ambayo mara nyingi hupotoka.

Mahitaji kabla ya kuanza si mengi. Ubao mama uwe wa chipseti ya B450, B550, X470 au X570. A520 haikuruhusu kuongeza kasi ya prosesa. Bayosi, programu ya msingi ya ubao mama, iwe ya 2021 au baadaye. Kipozaji kinachokuja ndani ya boksi, Wraith Stealth, kinatosha kwa mipangilio ya kiwandani tu. Kwa kazi hii tafuta kipozaji cha mnara chenye feni ya milimita 120 au zaidi. Ukikitoa cha zamani, washa kompyuta dakika kumi kwanza ili pesti ya joto ilainike, izime, kisha kizungushe kipozaji kushoto na kulia kabla ya kukivuta. Pini za prosesa hii ziko chini yake yenyewe, na ukivuta wima inaweza kung'oka na soketi ikiwa bado imefungwa. Pini zikipinda, una jioni nzima ya kuzinyoosha kwa sindano.

Chukua vipimo vya mwanzo kabla hujabadilisha chochote: alama ya Cinebench R23 (programu ya kupima uwezo wa prosesa), joto, na kasi halisi inayoonyeshwa kama Effective Clock. Bila hivyo utakuwa unapapasa gizani. Nakili mafaili yako muhimu pia, maana mashine isiyotulia huharibu data kimyakimya.

Ndani ya bayosi ingia AMD Overclocking, kubali onyo, kisha Precision Boost Overdrive, Advanced. Usipite onyo hilo kama unaruka tangazo: waranti ya AMD haifuniki uharibifu unaotokana na kuongeza kasi, hata ukitumia zana zao wenyewe. Mipaka ya kiwandani ni PPT (jumla ya nguvu) wati 76, TDC (mkondo wa muda mrefu) ampea 60 na EDC (mkondo wa kilele) ampea 90. Mimi nimeweka 95, 65 na 95. Unaweza kwenda hadi 142, 95 na 140, ambayo ni mipaka ya kiwandani ya 5800X yenye viini vinane, lakini kwa viini sita faida inayobaki huko juu ni ndogo sana na unailipia kwa joto. Kikomo cha joto nimekishusha kutoka nyuzi 95 hadi 85.

Kuna kipengele kinaitwa Scalar, kuanzia 1X hadi 10X. Kiache 1X. Kazi yake ni kuiambia prosesa ilegeze ulinzi wake wa umri: ikae kwenye volti kubwa kwa muda mrefu zaidi. Nilipokipandisha sikuona tofauti kwenye alama ambayo ningeitetea mbele ya mtu. Max Boost Override, inayopandisha kikomo cha kasi, nayo inafika megahezi 200. Nimeweka 50 nikaacha hapo.

Utamu wenyewe uko kwenye Curve Optimizer. Chagua Negative, Per Core. Kila hatua hupunguza takriban milivolti 3 hadi 5, na mwisho ni 30. Anza na 10 kwa viini vyote, kisha ongeza tano tano. Viini viwili bora, ambavyo HWiNFO64 huvionyesha kwa mpangilio wa ubora, kwa kawaida ndivyo visivyovumilia kupunguzwa sana kwa sababu ndivyo vinavyosukumwa hadi kasi ya juu kabisa. Vyangu vimetulia kwenye 12, vile vinne kwenye 24. Usinakili namba hizi. Chipu mbili za boksi moja hazifanani.

Kuhusu majaribio, Cinebench nusu saa haithibitishi kitu. Kupunguza volti kwa kawaida hakuangushi mashine ikiwa na mzigo mzito, huiangusha ikiwa imepumzika au kiini kimoja kinaporuka ghafla hadi kasi ya juu. Ndiyo maana mtu hupita jaribio la mzigo mzito la Prime95 usiku kucha kisha kompyuta inajizima na kuwaka wakati anasoma barua pepe. Tumia CoreCycler, inayojaribu kiini kimoja kimoja, na uiachie kila kiini saa moja angalau. Kisha fungua kumbukumbu za matukio za Windows utafute WHEA-Logger, yaani rekodi za makosa ya maunzi. Kosa namba 18 linaelekeza kwenye kiini, kirudishie hatua tatu hadi tano. Namba 19 mara nyingi hutoka kwenye njia ya ndani inayounganisha prosesa na memori, kwa hiyo usihangaike na viini, shusha FCLK, yaani kasi ya njia hiyo.

Kwa memori yenyewe, DDR4-3600 na FCLK 1800 ndiyo ndoa nzuri. Ila kumbuka kwamba rasmi prosesa hii inahimili DDR4-3200, kwa hiyo kuwasha XMP, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa kwenye memori, kufika 3600 tayari ni kuongeza kasi. Ubao ukiachiwa ujipangie unaweza kupandisha volti ya SoC, sehemu ya prosesa inayoshughulikia memori, bila sababu; mimi nimeiandika kwa mkono 1.10 na sijahitaji zaidi.

Kuna kosa jingine lisilopiga kelele. Volti ikiwa ndogo mno, kioo kinaweza kuonyesha gigahezi 4.7 huku Effective Clock chini ya mzigo wa kiini kimoja ikiwa chini kwa mamia ya megahezi, na alama ikishuka. Prosesa inajikokota ili isianguke. Namba nzuri ya kasi na alama mbaya maana yake umepunguza kupita kiasi.

Kioo kikibaki cheusi baada ya kubadilisha kitu, zima umeme, chomoa waya, toa betri ya CR2032 dakika tano, irudishe. Mipangilio yote itafutika, kwa hiyo piga picha kila ukurasa wa bayosi kabla.

Ninayoilaumu bidhaa hii ni majina. Kila mtengenezaji wa ubao mama huyaweka menyu hizi mahali tofauti, wakati mwingine mara mbili kwenye bayosi ileile, na hujui ipi inashinda. Chagua mahali pamoja, pale pengine acha Auto.

Dalili ya kuchakaa ni mipangilio iliyotulia miezi mingi kuanza kutoa makosa ya WHEA bila kitu kingine kubadilika. Wakati huo usiongeze volti kupita ile ya kiwandani, maana utaharakisha kilekile kilichoanza. Safisha vumbi, badilisha pesti, ondoa ile megahezi 50, rudisha hatua tano kwenye kila kiini, kisha upime upya.