Nyonga ya plastiki: uzoefu wangu baada ya miaka 17

Nilibadilishiwa nyonga ya kulia hapa Nairobi mwaka 2006, nikiwa na miaka 44. Kwa raha iliyonipa, sina neno. Nilikuwa natembea kwa mkongojo. Nikarudi kusimama kutwa nzima kwenye kibanda changu pale Marikiti, na jioni nikipanda ngazi hadi nyumbani, ghorofa ya nne, mtaa wa Umoja.

Nyonga yenyewe ni shina la chuma ndani ya mfupa wa paja, kichwa cha mviringo juu yake, bakuli la chuma kwenye mfupa wa nyonga, na ndani ya bakuli hilo kikombe cha plastiki. Kila hatua, kichwa kinasugua plastiki. Hapo ndipo palipoliwa.

Mwaka 2023 nilianguka bafuni, nikapigwa eksirei. Sikuvunjika popote, ila daktari alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mama, hebu tazama hapa." Kichwa hakikuwa katikati ya bakuli tena, kilikuwa kimepanda juu. Nyuma ya bakuli, mfupa ulikuwa na madoa meusi kama mbao iliyoingiwa na mchwa. Na mimi sikuwa nimesikia uchungu hata siku moja! Alinieleza kwamba plastiki ikilika hutoa vumbi lisiloonekana kwa macho. Chembe za kinga za mwili hulimeza, zikashindwa kuliyeyusha, na uvimbe unaotokea ndio unaokula mfupa.

Hili ndilo linaloniuma. Hospitali iliyonifanyia upasuaji wa kwanza iliniambia nirudi nikisikia uchungu. Haikunitajia picha za kila baada ya muda, wala haikunipa kadi ya aina ya nyonga niliyowekewa. Plastiki yangu ilikuwa ya zamani, ile ambayo kwa kawaida hulika kama milimita 0.1 kwa mwaka. Plastiki iliyopigwa miale ili nyuzi zake zishikane, ambayo hulika polepole zaidi, ilikuwa imeanza kutumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Hakuna aliyeniuliza nataka ipi.

Bahati nzuri shina na bakuli vilikuwa bado imara. Walibadilisha kikombe na kichwa tu, mashimo wakayajaza mfupa. Niliomba kukiona kile kikombe. Kilikuwa na rangi ya manjano, upande mmoja mnene, upande wa juu umekuwa mwembamba, na kidole gumba changu kilizama kwenye shimo lililochimbwa na kichwa.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama una nyonga bandia na imekaa kimya, usiuamini ukimya huo. Kapige picha, na uilinganishe na ile ya kwanza. Ukiwa bado hujafanyiwa, uliza plastiki ni ya aina gani na uondoke na kadi.

Sasa nina kikombe cha ile plastiki iliyopigwa miale na kichwa cha kauri. Kadi naiweka pamoja na kitambulisho. Picha ya mwisho nimepigwa mwezi uliopita: kichwa kiko katikati.